Robert Noyce: Aliiba nguruwe chuoni, kisha akakuletea prosesa

Ukiingia duka la laptopu za mtumba, iwe ni Rongai, Kitengela au kule Luthuli Avenue jijini, muuzaji hatakuanzishia hadithi ndefu. Ataigonga kwa kidole ile stika ndogo iliyo kando ya kibodi, akwambie hii ni i5, ile ni i7, halafu anyamaze ungoje bei. Yaani stika ndiyo imekuwa mahari ya mashine. Na wengi wetu huku Gataka, ukisikia i7 tu, unaanza kuhesabu pesa za M-Pesa bila kuuliza swali la pili.

Nyuma ya hiyo stika kuna mtu. Aliitwa Robert Noyce, Mmarekani aliyefariki mwaka wa 1990, kabla wengi wetu tunaosoma ukurasa huu hatujazaliwa. Ndiye mmoja wa wawili walioanzisha kampuni ya Intel, na ndiye aliyeonyesha dunia jinsi ya kuchora saketi nzima ya umeme juu ya kipande kimoja cha silikoni. Nataka nikusimulie maisha yake kwa sababu mbili. Kwanza, ukiyaelewa hutauziwa kipakatalishi kwa stika tena. Pili, huyu jamaa nusura maisha yake yaishie kwa kesi ya nguruwe.

Mtoto wa mhubiri

Noyce alizaliwa tarehe 12 Desemba 1927 katika mji wa Burlington, jimbo la Iowa. Iowa ni mashamba ya mahindi na mifugo, si mahali ambapo ungeenda kutafuta mambo ya teknolojia. Babake alikuwa mchungaji wa kanisa, na maisha ya mchungaji unayajua: leo uko hapa, kesho umehamishwa. Walikuwa ndugu wanne wa kiume, Bob akiwa wa tatu, na familia ilihama mji baada ya mji hadi ikatulia Grinnell.

Pesa hazikuwa nyingi, lakini mikono ya huyo kijana haikutulia. Mwaka wa 1940, akiwa na miaka 12, yeye na kakake walijiundia ndege isiyo na injini, kubwa ya kubeba mtoto, na Bob akaruka nayo kutoka juu ya paa. Hakuvunjika. Baadaye akaunda redio, kisha akachukua injini ya mashine kuukuu ya kufulia nguo, akaifunga kwenye kigari cha kuteleza juu ya theluji. Kama unamjua yule kijana mtaani ambaye hufungua kila redio ya nyumbani na mamake hajui kama itafungwa tena, basi huyo ndiye Noyce.

Nguruwe

Alijiunga na Chuo cha Grinnell, akasomea fizikia na hisabati. Alikuwa mkali darasani, anaogelea vizuri, na anapendwa. Halafu mwaka wa 1948 wenzake wa bweni wakapanga sherehe ya mtindo wa Hawaii, ambayo bila nguruwe mzima wa kuchoma haikamiliki. Noyce na rafiki yake wakatumwa kutafuta nguruwe. Wakamtafuta gizani, kwenye shamba la mtu, bila kuuliza bei.

Kesho yake roho ikamsuta. Akarudi kwa mwenye shamba kukiri na kujitolea kulipa. Shida ni kwamba mwenye shamba ndiye aliyekuwa meya wa mji, na hakuchukulia jambo hilo kama mzaha wa wanafunzi. Iowa ni nchi ya wafugaji: kuiba mnyama wa mtu lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Ukitoka Kajiado hili huhitaji kuelezwa. Jaribu kuiba mbuzi Kiserian uone.

Mwalimu wake wa fizikia, Grant Gale, na rais wa chuo wakaingilia kati. Mwisho wa mazungumzo ukawa hivi: nguruwe alipwe, na Noyce asimamishwe masomo muhula mmoja. Akaenda New York, akafanya kazi ya hesabu katika kampuni ya bima, kisha akarudi mapema mwaka wa 1949 na kumaliza pamoja na darasa lake mwaka huo huo.

Hapa nataka usimame kidogo. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na najua kati yenu wengi mko njia hiyo hiyo, kwa karo au kwa sababu nyingine. Kwa hivyo sisemi hadithi hii ionekane kwamba shule haina maana. Nasema hivi: laiti watu wazima wawili wasingekaa chini na kutafuta adhabu inayolingana na kosa, kijana huyu angekuwa na rekodi ya jela badala ya digrii. Ni muhula mmoja tu uliotenganisha hayo mawili.

Na angalia alichokuwa karibu kupoteza. Gale alimjua John Bardeen, mmoja wa wanasayansi waliovumbua transista katika maabara ya Bell mwishoni mwa 1947. Kupitia kujuana huko, Gale alipata transista kati ya zile za kwanza kabisa na kuwafundisha wanafunzi wake habari zake. Fikiria: chuo kidogo katikati ya mashamba ya mahindi kinafundisha kitu ambacho vyuo vikubwa vilikuwa bado havijaanza.

Transista ni nini hasa? Chukulia ni swichi ndogo ya umeme. Swichi ya ukutani unaibonyeza kwa kidole. Transista inabonyezwa na umeme mwingine. Hakuna kitu kinachosogea, kwa hivyo inaweza kuwaka na kuzima mara nyingi mno kwa sekunde. Kuwaka ni moja, kuzima ni sufuri, na kompyuta yako yote ni moja na sufuri hizo.

Kutoka kwa bosi mgumu

Noyce alipata shahada ya uzamifu kutoka MIT mwaka wa 1953, akafanya kazi katika kampuni ya Philco mjini Philadelphia, kisha mwaka wa 1956 akahamia California kufanya kazi na William Shockley, mmoja wa wavumbuzi wenyewe wa transista. Mwaka huo huo Shockley akashinda Tuzo ya Nobel. Kwa kijana wa umri huo, ilikuwa ndoto.

Ndoto haikudumu. Shockley alikuwa na akili za ajabu lakini hakujua kuishi na watu. Alishuku wafanyakazi wake kiasi cha kutaka wapimwe kwa mashine ya kugundua uongo. Mwaka wa 1957 wanane kati yao wakachoka na kuondoka kwa pamoja. Noyce ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali, na mara akawa ndiye kiongozi. Walisaini noti za dola moja moja kama mkataba wao, na kwa fedha za mfanyabiashara Sherman Fairchild wakaanzisha Fairchild Semiconductor. Shockley aliwaona wasaliti. Jina hilo likawaganda, na leo linatajwa kama sifa.

Wazo lenyewe

Tatizo la wakati huo lilikuwa nyaya. Transista zilitengenezwa nyingi pamoja kwenye sahani ya silikoni, kisha zikakatwa moja moja, kisha wafanyakazi wakakaa na kuziunganisha tena kwa nyaya, kwa mkono. Ukitaka mashine kubwa unahitaji maelfu ya viungo, na kiungo kimoja kikikosea, mashine nzima imekufa.

Mwenzake Noyce, Jean Hoerni, alikuwa amegundua njia ya kuacha utando wa kinga juu ya silikoni. Mapema mwaka wa 1959 Noyce akaona hatua iliyofuata: kama juu kuna utando usiopitisha umeme, basi chora mistari ya chuma juu yake, na mistari hiyo ndiyo iwe nyaya. Usikate chochote. Saketi nzima, transista pamoja na viungo vyake, ikae kwenye kipande kimoja. Hiyo ndiyo chipu.

Kule Texas, Jack Kilby wa Texas Instruments alikuwa ameonyesha saketi yake ya kipande kimoja mwaka wa 1958, miezi kadhaa mbele ya Noyce. Lakini ile ya Kilby ilikuwa bado inaunganishwa kwa vijinyaya vya dhahabu. Kilby alitangulia na wazo, Noyce akaleta namna ambayo kiwanda kingeweza kuichapisha kwa wingi. Kampuni zao zilipelekana mahakamani kwa miaka, ingawa mwaka wa 1966 zilikubaliana kugawana haki. Wenyewe wawili waliheshimiana. Kilby alipopewa Nobel mwaka wa 2000, alimtaja Noyce. Nobel haipewi wafu, na Noyce alikuwa kaburini miaka kumi.

Tena Noyce hakuwa mtu wa maabara pekee. Katikati ya miaka ya 1960, chipu zilipokuwa ghali na wateja wanasitasita, aliamua kuziuza kwa bei iliyo chini ya gharama ya kuzitengeneza, akiamini kwamba wateja wakija wengi, gharama itashuka yenyewe. Ikawa hivyo. Ile tabia ya vifaa vya elektroniki kushuka bei kila mwaka ilipata msukumo mkubwa hapo.

Lakini tusimpake mafuta mno. Bei ya chini ilitaka pia mikono ya bei ya chini. Mwaka wa 1963 Fairchild ilifungua kiwanda cha kuunganisha chipu Hong Kong, na mwaka wa 1965 ikafungua kingine Shiprock, kwenye ardhi ya Wanavajo, wenyeji wa Marekani. Waliokaa mbele ya darubini wakiunganisha chipu huko Shiprock walikuwa hasa wanawake wa Kinavajo. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 1975. Kwa hivyo ukisifia akili ya Noyce, kumbuka na macho ya hao akina mama.

Intel

Mwaka wa 1968 Noyce na Gordon Moore walitoka Fairchild na kuanzisha Intel. Mwanafedha Arthur Rock aliwachangishia dola milioni 2.5 kwa kupiga simu tu, na chuo chake cha zamani, Grinnell, kikaweka pesa pia. Chuo kilichomsimamisha kwa ajili ya nguruwe kilivuna mamilioni kutokana na hisa hizo.

Kisha kampuni ya Kijapani, Busicom, ikataka chipu kadhaa za kikokotoo. Mhandisi Ted Hoff akapendekeza: badala ya chipu nyingi zenye kazi moja moja, kwa nini tusiunde moja inayoweza kupewa maagizo tofauti? Noyce akampa baraka. Federico Faggin, Stan Mazor na Masatoshi Shima wakalifanya wazo kuwa kitu cha kushikika. Intel ikairudishia Busicom dola 60,000 ili iruhusiwe kuiuzia dunia nzima chipu hiyo. Novemba 1971 ikatoka 4004: transista 2,300, na mapigo 740,000 kwa sekunde. Hiyo ndiyo nyanya ya prosesa iliyo kwenye mapaja yako sasa hivi.

Sasa turudi kwa laptopu yako

Moore alikuwa ameandika mwaka wa 1965 kwamba idadi ya transista kwenye chipu huongezeka maradufu kila mwaka, na mwaka wa 1975 akarekebisha kuwa kila miaka miwili. Noyce alipofariki, prosesa mpya ya Intel, ile 486 ya 1989, ilikuwa na transista milioni 1.2. Apple M1 ya mwaka wa 2020 ina bilioni 16. Hapo ndipo swali la laptopu ya zamani na mpya linapoanzia: hizo transista zote za ziada zinafanya nini?

Chukulia kibanda cha chapati. Gigahezi ni kasi ya mkono wa mpishi. Viini vya prosesa ni idadi ya wapishi. Kizazi cha prosesa ni jinsi jikoni ilivyopangwa: kama unga uko karibu, kama mpishi anatupa hatua bure. Wati ni makaa yanayoteketea.

Muuzaji anayekutajia gigahezi pekee anakuhesabia kasi ya mkono na kuficha jikoni. Pentium 4 ya miaka ya 2004 na 2005 ilifika gigahezi 3.8. Core i5-8250U ya mwaka wa 2017 inafika 3.4 tu ikijikaza, lakini inaiacha Pentium hiyo mbali sana, kwa sababu ina viini vinne na kila pigo moja linafanya kazi nyingi zaidi.

Na hapa ndipo i7 inapowauma watu. Core i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili. Core i5-8250U ya kizazi cha nane ina vinne. Zote ni za wati 15. Ukifungua kurasa ishirini za intaneti, Zoom, na programu ya kuhariri video kwa wakati mmoja, i5 hiyo inaishinda i7 hiyo. Lakini stika ya i7 ndiyo inayoitishwa bei ya juu. Unalipia jina.

Kinyume chake pia ni kweli: mpya haimaanishi nzuri. Laptopu mpya kwenye boksi yenye Celeron N4020, viini viwili vya kutafuta nafuu ya umeme, itazidiwa na i5 ya mtumba ya kizazi cha nane bila jasho. Boksi lina harufu nzuri, lakini harufu haihariri video.

Kusoma namba si uchawi. Kwenye i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: nane. Kuanzia kizazi cha kumi soma mbili za kwanza: i3-1215U ni cha kumi na mbili. Herufi ya mwisho nayo inasema: U ni ya kutunza betri, H ni ya nguvu na joto, na M utaikuta kwenye mashine za zamani. Core i5-3320M, kwa mfano, ni ya wati 35. Stima ikipotea Gataka, utajua tofauti ya 35 na 15.

Usiamini stika, kwa sababu stika ni karatasi na karatasi hubandikwa. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda sehemu ya Performance, usome jina kamili la prosesa na idadi ya viini. Muuzaji akikataa uwashe mashine, toka. Kumbuka pia Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inaanzia kizazi cha nane, isipokuwa chache za saba. Kama tayari una ya zamani, usiitupe: iwekee diski ya SSD, ongeza RAM, weka Linux, na itakufanyia kazi za kuandika na kusoma bila kelele. Mara nyingi kinachochelewesha si prosesa, ni diski ya kuzunguka.

Mwisho wa safari

Noyce aliongoza Intel hadi 1975, kisha akawa mwenyekiti wa bodi. Hakutaka ofisi za kifahari wala maegesho ya wakubwa. Mameneja na wafanyakazi walikaa kwenye vyumba vidogo vilivyo sawa. Nyumbani mambo hayakuwa laini hivyo: ndoa yake ya kwanza, iliyokuwa na watoto wanne, ilivunjika mwaka wa 1974. Vijana walimfuata awape mawaidha, akiwemo Steve Jobs, ambaye naye hakumaliza chuo. Mwaka wa 1988 alikwenda Austin, Texas, kuongoza Sematech, muungano wa kampuni za Marekani zilizokuwa zinabanwa na Wajapani.

Tarehe 3 Juni 1990 aliogelea asubuhi kama kawaida yake, kisha moyo ukasimama. Alikuwa na miaka 62.

Leo ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, kuna kiwanda cha vifaa vya silikoni. Bado ni safari ndefu hadi stika ya Kenya ikae kando ya kibodi. Lakini Iowa nayo ilikuwa mahindi tu. Kilichomfikisha Noyce alikofika ni mwalimu aliyeleta transista kijijini, na watu waliokataa kumzika kijana kwa kosa moja. Kwa hivyo ukimwona mdogo wako amefungua redio ya nyumbani, usianze na kofi. Muulize kwanza kama anajua kuifunga.